Seramu za West Nile: Ufadhili wa Utafiti na Lugha ya Ridhaa katika Historia ya Tiba ya Upandikizaji

Historia ya upandikizaji wa viungo husimuliwa kwa majina ya miji michache. Hutajwa Boston, ambako upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika tarehe 23 Desemba 1954. Cape Town, ambako moyo ulihamishwa kutoka kifua cha marehemu hadi kifua cha mgonjwa Desemba 1967. Lyon, ambako mkono wa marehemu uliungwa kwenye kigasha cha mtu hai Septemba 1998. Na Amiens, ambako mwanamke aliyeraruliwa na mbwa alipewa sehemu ya uso wa mwenzake aliyefariki Novemba 2005. Arua haimo katika orodha hiyo, wala haidai kuwemo. Hata hivyo, kabla daktari hajampa mgonjwa kiungo cha mtu mwingine, kuna swali analolazimika kuliuliza: je, mtoaji na mpokeaji wamewahi kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr? Mpokeaji ambaye hajawahi kukutana na virusi hivyo, kisha akapewa kiungo kutoka kwa mtu aliyevibeba huku kinga ya mwili wake ikiwa imedhoofishwa kwa dawa, yumo hatarini kupata uvimbe wa limfu. Sehemu kubwa ya maarifa yaliyolipa swali hilo uzito, yaani ushahidi kwamba virusi hivi vina mkono katika saratani ya binadamu, ilitokana na damu ya watoto wa wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, iliyochukuliwa kati ya mwaka 1972 na 1974.

Makala haya yanafuatilia fedha zilizowezesha damu hiyo kuchukuliwa, na yanauliza zilinunua nini na hazikununua nini. Hoja yake ni kwamba ufadhili wa utafiti ulipofika West Nile ulikuwa na fungu la sindano, la barafu, la magari na la ndege, lakini lugha ilihesabiwa kuwa kitu cha bure ambacho kingepatikana njiani. Hoja hiyo ingeweza kubaki ya kihistoria tu, isipokuwa mwaka 2023 Uganda ilipitisha sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu. Kuanzia hapo suala la nani anaelezwa nini, kwa lugha gani, na kwa gharama ya nani, limekuwa suala la sera.

Fedha zilizofuata majeraha ya vita

Tiba ya kurejesha maumbile imelelewa na vita, na ufadhili wake umekuwa ukifuata wanajeshi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Kamati ya Majeraha ya Vita ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ilimpeleka mwanabiolojia kijana, Peter Medawar, Glasgow kushirikiana na daktari wa upasuaji Thomas Gibson. Swali lilikuwa la dharura: kwa nini ngozi ya mtu mwingine iliyobandikwa juu ya jeraha la moto hukubalika kwa siku chache kisha hufa? Mwaka 1943 walionyesha kwamba ngozi ya mtoaji yuleyule ikibandikwa mara ya pili hukataliwa upesi zaidi kuliko mara ya kwanza. Mwili, kwa maneno mengine, unakumbuka. Joseph Murray, aliyeongoza upasuaji wa Boston mwaka 1954, naye alikuwa amewauguza wanajeshi wenye majeraha ya moto katika hospitali ya jeshi la Marekani. Na miaka sitini baadaye, mabomu ya kutegwa barabarani yalipowakata mikono na kuwaharibu nyuso wanajeshi wa Marekani huko Iraki na Afghanistani, ilikuwa Wizara ya Ulinzi, wala si Wizara ya Afya, iliyoanzisha mpango maalumu wa ruzuku kwa ajili ya utafiti wa upandikizaji wa mikono na nyuso. Bunge la Marekani limekuwa likiutengea mpango huo fedha tangu mwaka wa bajeti wa 2012.

West Nile nayo ilitoa wanajeshi. Tangu zama za ukoloni wilaya hii ilikuwa shamba la kuandikisha askari wa King's African Rifles, na vijana wake walipigana Burma wakiwa chini ya bendera ileile iliyomlipa Medawar. Walirudi na Kiswahili. Ndiyo maana hadi leo, Arua na Koboko, Kiswahili kina harufu ya kambi: ni lugha ya gwaride, ya kizuizi cha barabarani, ya biashara ya kuvuka mpaka kwenda Ariwara, na kwa sehemu kubwa ni lugha ya wanaume. Majeraha ya askari hao hayakuzaa kamati ya utafiti. Utafiti mkubwa wa tiba ulipofika katika wilaya yao, ulikuja kwa sababu nyingine kabisa: taya za watoto.

Safari ya fedha kiduchu

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake Denis Burkitt kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika pande zote za taya. Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyefika Uganda mwaka 1946, hakuwa ameona kitu kama kile. Baada ya muda mfupi akakiona tena, kisha tena. Makala yake ya mwaka 1958 yaliueleza uvimbe huo kama saratani ya taya za watoto wa Afrika. Ulikua kwa kasi ya kutisha, ukang'oa meno na kusukuma jicho nje. Upasuaji haukufaa kitu. Kwa daktari wa upasuaji lilikuwa jambo chungu kukubali kwamba kisu kilikuwa kinaondoa uso wa mtoto bila kuondoa ugonjwa wake.

Jinsi Burkitt alivyopata fedha ni sura inayopaswa kusomwa na kila mshauri wa sera. Ruzuku zake za mwanzo zilikuwa za kununulia stempu na kuchapishia picha. Kwa hizo alituma vipeperushi zaidi ya 1,000 kwa hospitali za Afrika kuuliza ni nani ameuona ugonjwa huu. Kisha, Oktoba 1961, aliondoka Kampala akiwa na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa paundi 250. Katika muda wa wiki kumi hivi walisafiri maili 10,000, wakapita Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Gharama yote haikufika paundi 1,000. Walichorudi nacho ni ramani: ugonjwa ulipatikana penye joto na mvua, ukakosekana katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana mno na ile ya malaria, ingawa ilichukua muda kabla ya jambo hilo kusemwa waziwazi.

Ted Williams alikuwa mtu wa West Nile kwa makazi. Yeye na nduguye Peter walikuwa madaktari wa Hospitali ya Kuluva, kilomita chache nje ya mji wa Arua, hospitali ya misheni ambayo mizizi yake ni ya mapema miaka ya 1940. Aliporejea kutoka safari hiyo alifanya kazi isiyohitaji ruzuku kubwa ila inayohitaji uvumilivu mkubwa: kila mtoto aliyeletwa na uvimbe huo aliandikiwa kijiji alikotoka na tarehe ugonjwa ulipoanza. Mwaka 1967, pamoja na wataalamu wa takwimu, alichapisha uchambuzi wa wagonjwa wa West Nile wa mwaka 1961 hadi 1965. Walionekana kujikusanya: waliougua karibu kwa wakati walikuwa karibu pia kwa mahali, kana kwamba kuna kitu kinachopita kutoka kijiji hadi kijiji. Hili lingewezekana tu kwa daktari aliyeweza kumuuliza mama jina la kijiji na kuelewa jibu. Daftari la Kuluva lilikuwa kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya takwimu, na ni mfano mmoja wa wazi wa utafiti wa West Nile ambao ujuzi wa lugha ya wenyeji ulikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Wakati huo fedha kubwa zilikuwa zimeanza kuamka kwingine. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya kuku. Epstein alianza kupokea vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Alipopata dola 45,000 kutoka serikali ya Marekani aliweza kuwaajiri Yvonne Barr na Bert Achong, na mwaka 1964 watatu hao walitangaza kuona virusi vipya katika seli za uvimbe. Virusi vikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kushukiwa kwa uzito kusababisha saratani kwa binadamu, na Washington, iliyokuwa imeanza mpango maalumu wa kutafuta virusi vya saratani, ilikuwa na hamu ya kujua kama shuku hiyo ni kweli.

Watoto 42,000

Ugumu ulikuwa huu. Virusi vya Epstein-Barr viko karibu kila mahali. Watu wazima wengi duniani wanavyo bila kujua. Kuvikuta katika uvimbe wa mtoto hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyouleta, kama ambavyo kumkuta mpita njia penye moto hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeuwasha. Ilibidi damu ichukuliwe kabla ya ugonjwa, ihifadhiwe, kisha watoto wafuatiliwe kwa miaka ili ionekane ni nani anaugua na damu yake ya awali ilikuwaje. Na kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni adimu hata mahali unapopatikana kwa wingi, ilihitajika damu ya makumi elfu ya watoto ili kuwapata wagonjwa wachache.

West Nile ilichaguliwa kwa sababu ya daftari la Kuluva. Utafiti uliongozwa na wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wenye makao yake Lyon, chini ya Guy de-Thé, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ambako Peter Tukei alikuwa mmoja wa watafiti waliobeba kazi hiyo. Fedha zilitoka kwa sehemu kubwa katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Desemba 1971 Rais Nixon alitia saini sheria ya vita dhidi ya saratani; miezi michache baadaye watoto wa West Nile walianza kutolewa damu. Hadi kazi ya kukusanya ilipokwisha mwaka 1974, watoto wapatao 42,000, tangu waliozaliwa karibuni hadi wa miaka minane, walikuwa wamechomwa sindano.

Inafaa kutua hapa kidogo, kwa sababu siasa za kipindi hicho zinaonyesha jinsi fedha za utafiti zinavyoweza kupita mahali ambapo mabalozi hawapiti. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Koboko, nchi ya Wakakwa ambako asili ya baba yake ilikuwako, ilikuwa sehemu ya wilaya ileile. Novemba 1973 Marekani ilifunga ubalozi wake Kampala. Wakati huo huo fedha za Marekani, zikiwa zimevaa kanzu ya Shirika la Afya Duniani, ziliendelea kulipia mafuta ya magari katika njia za wilaya. Na mwaka huohuo wa 1973 Amin alitoa amri kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa ya Uganda. Kwa hiyo damu ilikusanywa West Nile katika miaka ambamo dola ilitangaza Kiswahili, ripoti ziliandikwa kwa Kiingereza, makao ya utafiti yalizungumza Kifaransa, na mama aliyembeba mtoto mgongoni alizungumza Kilugbara au Kikakwa. Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti lilikuwa limepitishwa tangu 1964, na ridhaa ya mtafitiwa, au ya mzazi wake akiwa mtoto, lilikuwa wazo linalojulikana. Ila wazo halitembei kijijini lenyewe. Linahitaji mkalimani, mkalimani anahitaji mafunzo na ujira, na ujira unahitaji fungu katika bajeti.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Nature. Kati ya watoto wale wote, 14 walikuwa wamethibitika kuugua. Damu yao ya kabla ya ugonjwa ilikuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi vya Epstein-Barr, na ilikadiriwa kwamba mtoto mwenye kiwango kilichopanda hivyo alikuwa na hatari ya kuugua mara 30 hivi ya wenzake. Huo ulikuwa ushahidi wa nguvu wa kwanza wa aina yake kuhusu virusi na saratani ya binadamu. Malaria ilibaki kuwa mshukiwa wa pili, na ili kumchunguza, wakala wa Lyon ulifadhili ugawaji wa dawa ya klorokwini kwa watoto wa Mara Kaskazini, Tanzania, kuanzia 1977, kwa kushirikiana na Hospitali ya Shirati. Lakini hiyo ni habari ya makala mengine.

Chupa zilizobaki Lyon

Wakati wasomaji wa Nature wakijadili takwimu, West Nile ilikuwa inasogelea maafa. Amin aliangushwa Aprili 1979 na ufuatiliaji wa watoto ukakoma mwaka huo. Mwaka 1980 majeshi ya serikali mpya yaliingia wilayani kwa kisasi, na sehemu kubwa ya wakazi ikakimbilia Sudan na Zaire. Juni 1981 raia waliojificha katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Watoto waliotolewa damu mwaka 1972 walikuwa sasa vijana, na hapana shaka wengi wao walikuwa wakimbizi. Damu yao ilikuwa salama zaidi kuliko wao: ilikuwa imegandishwa Ulaya.

Haitakuwa haki kuwalaumu watafiti kwa vita. Hata wangetaka kurudisha majibu, mwaka 1980 hapakuwa na mtu nyumbani wa kuyapokea. Lakini kilichofuata hakikuhusiana na vita. Mwaka 1985 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa seramu 75 kutoka hazina ile ya West Nile, zilizochukuliwa 1972 na 1973, zikipimwa sasa kingamwili za virusi vya UKIMWI. Waandishi, akiwemo Robert Gallo, waliripoti kwamba 50 kati ya hizo zilionyesha dalili. Kama ingekuwa kweli, theluthi mbili ya watoto hao wangekuwa wamekutana na virusi hivyo miaka kumi kabla ugonjwa haujapewa jina. Haikuwa kweli. Vipimo vya kizazi cha kwanza vilikuja kujulikana kuwa hutoa majibu ya uongo, hasa kwa damu iliyojaa kingamwili za malaria. Kabla hilo halijatulia, hata hivyo, West Nile ilikuwa imekwisha kuingia katika mjadala wa asili ya UKIMWI kwa ushahidi ambao haukuwapo.

Jambo la kuzingatia hapa si kosa la maabara. Maabara hukosea na kujisahihisha. Ni kwamba damu iliyotolewa kwa swali moja ilitumika kujibu swali ambalo mwaka 1972 hakuna mzazi aliyeweza kulikubali au kulikataa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa haujajulikana. Ridhaa, hata ingekuwa kamili kiasi gani siku ile, isingeweza kulifikia swali hilo. Fedha ndizo zilizolifikia. Aliyelipia friji aliweza kuuliza tena. Aliyetoa damu hakuweza.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980 madaktari wa upandikizaji walikuwa wanakabiliana na fumbo lao. Baadhi ya waliopewa figo au moyo walipata uvimbe wa limfu, na virusi vya Epstein-Barr vilikutwa ndani yake. Dawa zilizokizuia kiungo kisikataliwe zilikuwa zimewafunga mikono walinzi wa mwili waliovishikilia virusi hivyo kwa miaka yote. Kuna ncha mbili za historia hii zinazokutana hapa. Ya kwanza ni John Ziegler, daktari Mmarekani aliyeongoza kituo cha tiba ya limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda: mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioripoti urejeshaji wa uboho wa mgonjwa mwenyewe, uliohifadhiwa kwenye baridi kali, kwa wagonjwa wa limfoma. Ya pili ni Lyon yenyewe. Mji uliohifadhi seramu za West Nile ndio mji ambako, mwaka 1998, mkono wa marehemu uliungwa kwa mtu hai. Mikono na nyuso hubeba ngozi, na ngozi ni tishu inayokataliwa kwa ukali, hivyo wapokeaji humeza dawa nzito kwa maisha yao yote. Miongoni mwa watu wachache waliobadilishiwa uso umewahi kuripotiwa uvimbe wa limfu wa aina hiyo ya Epstein-Barr. Njia kutoka taya la mtoto wa Arua hadi uso wa mgonjwa wa Ufaransa ni ndefu, lakini haijakatika popote.

Sheria ya 2023 na maneno yake

Mtu aliyeungua moto Adumi, kaunti ndogo iliyo kaskazini-magharibi mwa Arua karibu na mpaka wa Kongo, huanzia katika kituo cha afya cha ngazi ya nne kilichopo hapo. Akizidiwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Arua, na akihitaji upasuaji wa kurejesha maumbile husafiri karibu kilomita 500 hadi Kampala, katika kitengo cha majeraha ya moto cha Kiruddu, au Kisubi, katika hospitali ya CoRSU iliyofunguliwa mwaka 2009 na kutegemea sana wafadhili wa nje. Kinachofanyika huko ni kuhamisha ngozi na nyama ya mgonjwa mwenyewe. Kumpa ngozi, mkono au uso wa mtu mwingine ni jambo ambalo Afrika Mashariki haijalifikia, japo Afrika si ngeni nalo: Desemba 2014 madaktari wa Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, walipandikiza uume wa marehemu kwa kijana aliyeharibiwa na tohara ya jandoni. Hapo, kwa mara moja, utafiti wa upandikizaji wa kurejesha maumbile haukuanza na mahitaji ya jeshi la nchi tajiri. Ulianza na msiba wa vijana wa Afrika Kusini.

Viungo vya ndani vimetangulia. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Mulago ilifanya hivyo Desemba 2023, miezi kadhaa baada ya sheria ya Uganda kuanza. Sheria hiyo inahusu viungo, tishu na seli, inapiga marufuku biashara yake, inaunda baraza la kuusimamia upandikizaji, na nguzo yake kuu ni ridhaa ya mtoaji. Hapo ndipo mtaalamu wa lugha anapoingia, si kama mpambaji wa fomu iliyokwisha kuandikwa, bali kama mtu mwenye swali la msingi: ridhaa hiyo hutamkwaje?

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mfasiri mwenye haraka huyachanganya. Kibali hutolewa na mwenye mamlaka. Ruhusa huombwa na aliye chini. Ridhaa ni kutulia kwa moyo. Ina undugu na radhi, na kwa hiyo haiwezi kutolewa na mtu mmoja akiwa peke yake chumbani na kalamu. Mtu huomba radhi za wazazi, familia huridhia. Mkalimani wa West Nile aliyejifunza Kiswahili chake kambini au barabarani anaweza kusema kwa urahisi kibali au amri pale fomu inaposema ridhaa, na mama akasikia agizo la serikali. Kupandikiza nako kuna asili yake shambani: mche huhamishwa kutoka kitaluni ukaendelea kuishi mahali papya. Sitiari hiyo ni nzuri kwa mpokeaji. Kwa upande wa mtoaji inanyamaza kimya, kwa kuwa hakuna anayeuliza kitalu kimebaki na nini. Neno linalotumiwa na magazeti, kuchangia, linaleta shida nyingine. Mchango ni wa arusi, matanga na harambee. Anayechanga leo hutarajia kuchangiwa kesho. Familia ya Adumi ikiombwa kuchangia ngozi ya marehemu wao, ina haki ya kuuliza siku yao itafika lini, na kwa ramani ya hospitali ilivyo sasa jibu la kweli si la kufurahisha.

Si kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kwanza ya ridhaa West Nile. Hilo lingekuwa kurudia amri ya 1973 kwa vazi jipya. Kwa mama wa Adumi lugha hiyo ni Kilugbara, kwa mama wa Koboko ni Kikakwa au Kinubi, na miongozo ya utafiti ya Uganda inataka maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mhusika. Nafasi ya Kiswahili ni nyingine na haina mbadala. Kilugbara na Kikakwa ni lugha za mpakani: wasemaji wake wamo pia Kongo, na Wakakwa wamo Sudan Kusini. Mgonjwa, marehemu na ndugu zake wanaweza kuwa chini ya sheria tatu. Lugha ambayo baraza la upandikizaji la Kampala, hospitali za Kongo ya mashariki na Muhimbili zinaweza kuitumia kulinganisha istilahi zao ni Kiswahili, ambacho Katiba ya Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 kwa matumizi ambayo Bunge litayaainisha, na ambacho Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni mwaka 2022. Matumizi ya tiba bado yanangoja kuainishwa.

Kazi hiyo ina bei, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kuhifadhi damu. Kati ya 2010 na 2016 Taasisi ya Saratani ya Marekani ilirudi kuchunguza limfoma ya Burkitt katika Uganda, Kenya na Tanzania, safari hii ikiongozwa na Mganda, Sam Mbulaiteye, na Kuluva ikawa tena mojawapo ya vituo vyake. Fomu za ridhaa zilikuwa sharti. Mabadiliko hayo ni makubwa, lakini yalikuja kwa masharti ya mfadhili, mradi kwa mradi, na kila mradi hutafsiri upya maneno yaleyale kisha tafsiri huondoka nao. Pendekezo linalofuata kutoka katika historia hii ni la kibajeti: baraza lililoundwa na sheria ya 2023 lidai kwamba kila ruzuku ya utafiti inayogusa damu, tishu au viungo iwe na fungu lake la istilahi, la wakalimani waliofunzwa na la kurudisha majibu, na kwamba matini za ridhaa zitakazozalishwa kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili ziwe mali ya umma, zitunzwe mahali ambapo mhudumu wa Adumi anaweza kuzipata bila kumwandikia mtu Lyon au Washington. Fungu hilo liwe na kipengele kimoja ambacho mwaka 1972 hakikuwezekana kufikirika: nani ataulizwa, na kwa lugha gani, siku chupa itakapofunguliwa kwa swali jipya.